Mtoto Alisema Maji, Sisi Tukamwambia Nyamaza

Tuliahidi kuendelea na mishono ya vitenge vya Pasaka, na mishono ipo, itakuja. Leo tuna jambo limetukaa kooni tangu mwezi wa kwanza, na tumeona tuliseme kabla hatujalizoea.

Mnajua kazi yetu. Kila Januari sisi wanne wa kibanda cha kushona tunafunga mafurushi ya sare za shule, tunavuka na kivuko kutoka Rugezi hadi Kisorya, tunazungukia wateja wetu Bunda, Musoma na Butiama, halafu tunarudi na majora ya vitambaa. Safari hii tulilala Bunda kwa mama mmoja anayetuuzia vifungo na zipu. Asubuhi jikoni kulikuwa na sufuria ya uji juu ya jiko la mkaa. Mtoto wake wa miaka mitatu akavuta mpini wa mwiko, sufuria ikapinduka, uji ukamshukia mkono wote wa kulia.

Tulikuwa watu wazima watano ndani ya ua ule. Mmoja wetu alikimbilia dawa ya meno kwenye begi. Mwenye nyumba alikwenda kutafuta yai. Jirani aliyeruka ukuta kwa kelele alisema unga wa ngano ndio mkombozi, mwingine akasema asali, kwao iliwahi kumponya shangazi yake. Pembeni alisimama dada wa mtoto, binti wa darasa la tatu, ameshika jagi. Akasema, "Mama, maji. Mwalimu alisema maji mengi." Tukamwambia anyamaze, wakubwa wanashughulika. Mmoja wetu akaongeza kwamba maji yatamtoa malengelenge, na alisema kwa uhakika kabisa, ingawa mpaka leo hajui alilisikia wapi. Tukampaka dawa ya meno mkono mzima, mweupe kama kuta za kanisa, tukampandisha bodaboda.

Hospitali muuguzi hakutugombeza. Alianza kuiondoa ile dawa ya meno iliyokwisha kukauka juu ya kidonda, na kila alipofuta mtoto alilia upya, kilio kikubwa kuliko cha jikoni. Alituuliza swali moja tu: mlimmwagia maji? Tuliangaliana. Binti alikuwa nyuma yetu, jagi aliliacha nyumbani, na hakusema neno.

Mtoto amepona, Mungu ni mwema, kovu limebaki. Lakini sisi tumerudi kisiwani na swali ambalo halikuhusu uji. Yule binti alikuwa ndiye mtu pekee uani aliyejua la kufanya, na alinyamazishwa na watu ambao kwa umri wao wote walikuwa hawajui. Siku zote tunasema watoto wafundishwe. Huyu alifundishwa. Kilichokosekana ni sisi kumsikiliza, na tungemsikilizaje wakati sisi wenyewe hatukufundishwa?

Kwa hiyo tuseme kwanza alichojua yule binti, maana kuna mama anasoma hapa na jiko lake liko chini sebuleni. Mtu akiungua, jeraha limwagiwe maji safi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Barafu hapana. Dakika 20 ni ndefu mno mtoto anapolia. Weka simu ikuhesabie. Kama bomba halitoi, na kwetu bomba halitoi, weka beseni chini, mimina kwa jagi, chota tena maji yaleyale safi umimine. Bangili na nguo zinazovulika zitolewe mapema kabla mkono haujavimba, zilizogandia ziachwe. Halafu funika kwa kitambaa kisafi kisichotoa nyuzi, na hapo sisi mafundi tuna la kusema: kanga iliyofuliwa na kuanikwa inafaa kuliko pamba. Yai, unga, mafuta, asali na dawa ya meno vibaki kwa kazi zake.

Tulipofika Musoma tulikuwa bado tunaumwa na lile jambo. Kupima sare kunachosha watoto, wanajinyonganyonga, basi tumezoea kuwauliza maswali ili watulie: unapenda somo gani, timu yako ipi. Mwaka huu tukabadilisha swali. Kila mtoto aliyesimama mbele ya futi ya fundi, kuanzia wa darasa la kwanza hadi la saba, tulimuuliza: mwenzako akianguka ghafla mkiwa wawili tu, utafanya nini?

Wengi walisema watakimbia kumwita mama. Hilo si jibu baya. Mmoja alisema atammwagia maji usoni. Watoto watatu, ambao hawakuwa wamesikia jibu la mwenzao, walisema kama ni kifafa watamwekea kijiko mdomoni asing'ate ulimi, na mmoja wa hao akaongeza kwamba usiguse povu, utaambukizwa. Hayo hawakuyabuni. Wameyachukua kwetu. Kijiko kinavunja meno na kinaweza kuziba koo. Povu la kifafa haliambukizi mtu yeyote. Anayetikiswa na kifafa anaondolewa vitu vya kumuumiza, anawekewa kitu laini chini ya kichwa, haminywi wala hafungwi, na mtikisiko ukiisha analazwa ubavu ili mate yatoke nje. Ukipita dakika tano, ni hospitali. Mtoto wa miaka saba anaweza kuyajua yote hayo. Tumewafundisha mengi magumu kuliko hayo.

Jibu lililotusimamisha na futi mkononi lilitoka kwa kijana wa darasa la tano, mwembamba, shati lake tulilipunguza mara mbili. Alifikiri kidogo akasema, "Nitanyamaza."

Kwa nini unyamaze? "Watasema ni mimi."

Hapo ndipo kiini cha haya yote, na vitabu vya huduma ya kwanza havikigusi. Mtoto wa kwetu jambo likiharibika hafikirii kwanza jeraha, anafikiria fimbo. Akivunja glasi na kukatwa, anaficha glasi. Mwenzake akitumbukia mahali walipokatazwa kwenda, wengine wanarudi nyumbani wanakaa kimya, wanakula chakula cha jioni, mpaka mama wa aliyepotea aanze kuzunguka mtaani akiuliza. Mmesikia visa hivi. Kila mwalo una chake.

Nasi tunacho chetu, na hatutawaambia ni cha yupi kati yetu wanne. Mtoto wetu alikanyaga chupa akicheza mahali alipokatazwa. Alijifunga kipande cha kitambaa cha mabaki kutoka chini ya cherehani, akavaa soksi na kiatu, akaenda shule siku mbili. Siku ya tatu alikuwa na homa na mguu umevimba. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alimtazama mama yake kana kwamba swali lenyewe ni la kijinga. Alikuwa na haki. Wiki moja kabla alichapwa kwa kuchana kaptura.

Tangu siku hiyo nyumba ile ina sheria moja: anayekuja kusema kuna damu, moto, maji, nyoka au mtu amelala haamki, siku hiyo hapigwi na hagombezwi, hata kama yeye ndiye chanzo. Maswali ya nani alifanya nini yanasubiri kesho. Kuna mashoga zetu waliosema sheria hiyo italea watoto watundu. Yawezekana. Tumechagua mtundu aliye hai.

Sasa tuje ziwani, maana sisi ni watu wa kisiwa na tunaowapelekea sare nao wengi wao ni watu wa mwambao. Hatuhitaji kuwakumbusha Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu kabisa na gati la Ukara ikitoka Bugolora siku ya gulio, na watu zaidi ya 220 wakafa. Upande wa pili wa maji, Jumapili ya Julai 30, 2023, katika kijiji cha Mchigondo, Wilaya ya Bunda, mitumbwi miwili ilizama ikiwa imebeba watu waliotoka ibadani, na ziwa likachukua zaidi ya kumi. Ukerewe na Bunda tuko katika jimbo moja la kanisa, tunaoana, tunauziana dagaa na vitambaa. Misiba yetu inavuka kivuko.

Katika ajali za ziwani wa kwanza kufika ni mtu aliyekuwa karibu. Ukara walikuwa wavuvi. Bukoba, Novemba 6, 2022, ndege ilipoanguka ziwani na watu 24 kati ya 43 wakaokolewa, wavuvi ndio waliotangulia na mitumbwi yao, akiwamo kijana Majaliwa Jackson, ambaye nchi nzima ilimjua kesho yake. Sasa jiulizeni, saa nane mchana, wanaume wamelala kwa sababu walivua usiku, sisi tuko sokoni au kwenye cherehani, nani yuko karibu na mtoto anayechota maji au kufua mwaloni? Mtoto mwingine. Hakuna mwingine.

Na huyo mtoto mwingine, akiwa hajafundishwa, atafanya moja ya mambo mawili: atakimbia na kunyamaza, au ataruka majini kumfuata. La pili tunaliita upendo, na ni upendo, lakini linatupa majeneza mawili badala ya moja. Anayezama anamkumbatia anayemwokoa kwa nguvu ambazo hata mwanaume mzima hazitoshi kuzivunja. Ndiyo maana somo la kwanza la mtoto wa mwambao, kabla ya kuogelea, ni kutoingia. Apige kelele kwa sauti yake yote. Alale chini ukingoni anyooshe fito, kasia, kanga iliyosokotwa. Atupe kitu kinachoelea, na hicho kwetu kipo kila mahali: dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kilichokazwa. Dumu lililofungwa kamba na kuachwa mwaloni kama mali ya wote linagharimu kidogo kuliko sherehe yoyote tuliyochangia mwaka huu. Tunaliandika hapa kama ombi kwa vikoba vyote vya visiwani na vya Kisorya: mwalo mmoja, dumu moja, kamba moja, na atakayelichukua kubebea mafuta ya taa asemwe hadharani.

Anayetolewa majini ndiye tunayemtesa zaidi kwa kutojua. Tunamning'iniza kichwa chini. Tunamzungusha. Tunamkalia tumboni ili maji yatoke. Dakika zinakwisha. Anachohitaji ni pumzi, si kukamuliwa. Kama hapumui, anapuliziwa hewa mdomoni mara tano kwanza, halafu anabonyezwa katikati ya kifua kwa nguvu na kwa kasi mara 30, anapuliziwa mara mbili, tena 30, bila kusimama, wakati mwingine anatafuta chombo cha kumpeleka hospitali. Mtoto mdogo hana nguvu ya kumbonyeza mtu mzima, lakini anaweza kuwaambia wakubwa waliokusanyika wanaosali na kulia: msimning'inize, mpulizieni. Ikiwa tumemzoesha kwamba akisema tunasikia.

Shirika la Afya Duniani linahesabu watu wapatao 300,000 waliokufa kwa kuzama duniani mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa chini ya miaka mitano. Umoja wa Mataifa umeweka Julai 25 kuwa siku ya kukumbushana jambo hili. Mwanza lipo shirika la EMEDO linaloshughulika na kuzuia vifo vya kuzama katika jamii za wavuvi kandokando ya ziwa. Kazi hiyo tunaisifu, lakini haiwezi kufika kwenye kila mwalo, na hatuwezi kukaa tukisubiri gari lenye nembo.

Butiama ziwa haliko mlangoni. Huko hofu ni nyingine. Tulipeleka sare kwenye kijiji cha ndani kidogo, barabara ya vumbi, mawe makubwa yamebebana kama mtu aliyapanga. Wachungaji wadogo walikuja na ng'ombe wao kuangalia mafurushi yetu. Tukawauliza swali letu, ila kwa nyoka. Majibu yalikuwa tayari, hawakufikiri: mmoja atachanja kwa wembe, mwingine atafunga kamba kwa nguvu juu ya jeraha, wa tatu ana babu mwenye jiwe jeusi linalonyonya sumu. Walikuwa na uhakika kama sisi na dawa yetu ya meno.

Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachotoa sumu. Wembe unaongeza kidonda na damu, kamba iliyokazwa inaua mguu, na jiwe linapoteza muda ambao ndio dawa yenyewe, kwa sababu sumu ya nyoka inahitaji hospitali. Aliyeumwa atulie, asikimbie, avue bangili na viatu, mguu ufungwe kwa fimbo na shuka ili usichezecheze, abebwe. Nyoka aachwe aende zake. Mchungaji wa miaka kumi ana fimbo mkononi na shuka begani tangu asubuhi. Vifaa anavyo. Anakosa tu mtu wa kumwambia kazi yake.

Tulipita mbele ya nyumba ya Mwalimu tukirudi, kama tunavyofanya kila mwaka. Mwalimu Nyerere naye alichunga wanyama vilima hivyo kabla ya kupelekwa Musoma, shule ya Mwisenge, akiwa na miaka 12, mwaka 1934. Mwaka 1967 alitoa Elimu ya Kujitegemea, hoja yake ikiwa kwamba shule imwandae mtoto kwa maisha atakayoishi kijijini kwake, sio kwa mtihani peke yake. Tulijadili hilo ndani ya gari mpaka Bunda. Watoto tuliowapima wanaweza kuchora moyo na kuandika sehemu zake zote. Wengi wao hawajawahi kuoneshwa wafanye nini moyo wa mwenzao ukisimama. Somo la afya lipo, hatusemi halipo. Linaandikwa ubaoni, linanakiliwa, linajibiwa kwa kuchagua A, B, C au D. Damu haiji na machaguo.

Tunachoomba si somo jipya. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono mpango wa kufundisha wanafunzi kuanzia miaka 12 namna ya kubonyeza kifua na kurudisha pumzi, saa mbili kwa mwaka. Saa mbili! Mgeni rasmi akija, watoto wetu wanafanya mazoezi ya ngonjera wiki nzima juani. Norwei walianza kulifundisha shuleni tangu 1961, na kisa chake kimetugusa sisi wa sindano na uzi kuliko takwimu zote.

Huko Norwei kulikuwa na mtengeneza vinyago vya watoto, Asmund Laerdal, mtu wa Stavanger. Mwanawe mdogo aliwahi kunusurika kufa maji, baba akamtoa na kumwondolea maji akapumua. Baadaye madaktari walipotafuta mtu wa kutengeneza mwanasesere wa kujifunzia kuokoa pumzi, walimwendea yeye, na mwaka 1960 mwanasesere huyo akatoka, jina lake Anne. Mpaka leo duniani kote watu wanajifunza kwa kumbonyeza kifua. Hakuwa daktari, alikuwa mtu wa vinyago.

Basi tukajitazama. Chini ya meza zetu kuna magunia ya mabaki ya kitenge ambayo huwa tunayatupa au kugawa ya kufutia. Tumeshona mtu. Urefu wa mtoto wa miaka kumi, ngozi ya khaki ya sare, amejazwa vitambaa na sufi, na ndani ya kifua tumeweka chupa ya plastiki ya maji yenye kifuniko, ili ukibonyeza vizuri irudi na kulia "tak". Mguu mmoja tumeushonea kidonda cha kitambaa chekundu chenye zipu. Ukifungua zipu, damu, ukibana, imekwisha. Zipu hiyo ilitoka kwa yule mama wa Bunda, alikataa pesa. Muuguzi wa jumuiya yetu ndogo ndogo alikuja Jumamosi mbili kutufundisha sisi kwanza, kwa sababu tulimwambia ukweli wote wa dawa ya meno. Alitusahihisha mengi. Tulikuwa tunabonyeza tumboni.

Sasa kila Jumamosi baada ya Utoto Mtakatifu watoto wanabaki nusu saa na mgonjwa. Wadogo wa miaka mitano na sita wanajifunza kutikisa mabega na kuita, kutazama kama kifua kinapanda, kumlaza ubavu, kupiga kelele, kutaja jina la mtaa wao na la baba yao. Wanajifunza 114 ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ya polisi, na kwamba simu ya mama iliyofungwa kwa namba ya siri bado inaruhusu kupiga namba za dharura. Wenye miaka minane na tisa wanabana damu kwa kitambaa bila kuinuainua kutazama. Waliofika 12 wanabonyeza kifua mpaka wanatoka jasho. Wanacheka sana. Wiki ya kwanza hiyo ilitukera, tukaona wanadharau, muuguzi akatuambia tuwaache, mtoto hasahau alichokichekea.

Wapo waliotujia na la kwao. Mzee mmoja tunayemheshimu alisema tunawaita mauti kwa kuyataja mbele ya watoto, na kwamba mtoto afundishwe kusali, mlinzi ni Mungu. Shikamoo mzee, na kusali wanasali. Lakini katika mfano wa Msamaria Mwema, watu wa hekalu walipita, wala hatuambiwi kama walikosa sala. Aliyesimama alijua kusafisha jeraha na kulifunga, na alikuwa na mafuta na divai safarini. Sisi mafundi huwa tunajiuliza kitambaa alikitoa wapi. Lazima alichana chake. Watoto wetu wa mafundisho wanajua kumchora punda wa Msamaria kwa rangi nzuri kabisa. Hakuna anayewaonesha namna ya kufunga kidonda kilichomo katika hadithi hiyohiyo. Na dada zetu Waislamu wametuambia madrasa zao mbili za hapa Nansio zinataka mgonjwa naye awatembelee, kwa kuwa kwao pia kuokoa nafsi moja ni jambo kubwa.

Wengine wanasema mtoto akijua kidogo atajitia daktari. Hilo tunalichukua kwa uzito zaidi. Ndiyo maana nusu ya tunayofundisha ni kukatazwa: usiingie majini, usimpe aliyezimia kitu cha kunywa, aliyekunywa mafuta ya taa usimtapishe, aliyenaswa na umeme usimguse kabla ya kuzima swichi. Yule binti wa Bunda hakujitia daktari. Alishika jagi akasubiri ruhusa.

Tumempelekea sare yake mpya, hatukumtoza mama yake, na tulimwomba radhi mbele ya wote waliokuwapo uani siku ile, kasoro jirani wa unga wa ngano ambaye alisema ana kazi. Binti aliona haya, akaficha uso kwenye kanga ya mama. Halafu aliuliza kama ni kweli tuna mtu wa kitambaa anayelia "tak".

Tunavuka tena Kisorya baada ya Pasaka na tutakuja naye, Bunda kwanza, halafu Musoma, na kwa wale wachungaji wa Butiama tukipata usafiri wa ndani. Mwenye mabaki ya khaki, sufi au chupa za lita moja na nusu atuletee kibandani Nansio, kwa sababu tunataka kushona wa pili. Huyu wa kwanza bega limeshafumuka, watoto wanamtikisa mno.